Muulize Maestro: Siku ya wababa tuimbe nini?

BARUA

Papa Maestro, jambo sana.

Mimi ni mwimbishaji katika kanisa moja la Kiprotestanti huku Katuba, Lubumbashi. Juzi baada ya ibada Mchungaji aliniita, akaniambia nitayarishe nyimbo za Jumapili ya wababa, ile ya tatu ya mwezi wa sita. Amenipa dakika 25 za sifa na kuabudu, kisha wimbo mmoja baada ya mahubiri. Nikaitika "Ndiyo, Papa Mchungaji" bila kuwaza. Kuwaza nimeanza nilipofika nyumbani.

Siku ya wamama hainisumbui. Mwezi wa tatu wamama wenyewe hupanga kila kitu, hushona kitenge kimoja, huingia wakicheza kutoka mlangoni hadi mbele, na hata nikianzisha wimbo vibaya wao wanaunyoosha. Wababa wetu ni watu wengine kabisa. Wanakaa nyuma karibu na mlango, mikono imefungwa kifuani, kitabu kimefunguliwa lakini mdomo hapana. Mwaka jana tuliwaimbia nyimbo sita mfululizo. Walipiga makofi kwa adabu, kila mmoja akapokea leso yake, wakaenda. Nilipomuuliza mume wangu ilikuwaje, akasema, "Ilikuwa muzuri," akaendelea kula.

Nimeanza kuandika orodha na kila upande una neno. Vijana wa kwaya wametoa kwenye simu orodha ya nyimbo za siku ya wababa kutoka Marekani. Tena wametunga wimbo wao wa sebene, ule mtindo wa magitaa wa kuchezwa, wenye kiitikio "Papa, aksanti". Mzee mmoja wa kanisa aliwakuta mazoezini wakiupiga, akasimama katikati, akasema ibada ni ya Mungu peke yake, hakuna binadamu wa kuimbiwa mbele ya madhabahu, na siku yenyewe ni mambo ya dunia yaliyotoka kwa Wazungu. Tangu siku hiyo vijana wamenuna.

Halafu kuna papa mmoja mwenye duka. Ameahidi dola 50 za sare za kwaya, ila anataka jina lake na la marehemu baba yake yatajwe ndani ya wimbo. Libanga kabisa, kutajwa jina kwa malipo, kama kwenye muziki wa baa. Sare zetu kweli zimechakaa.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni binti mmoja wa soprano, ana miaka 16, ndiye sauti nzuri kuliko zote tulizonazo. Nilimpa aanzishe wimbo unaomwita Mungu Baba mwema. Baada ya mazoezi tulibaki wawili tukiosha vikombe, akaniambia huku akisugua kikombe kilekile ambacho kilikuwa kimeshatakata: "Mama, miye siwezi kuimba ile wimbo. Papa alienda Kolwezi, iko na watoto wengine kule." Nikamwambia tutaona. Nilipowapitia wanakwaya mmoja mmoja kichwani, waliolelewa na mama peke yake si wachache.

Nisaidie, Papa. Nichague vipi nyimbo bila kuumiza watu na bila kuwasinzisha wababa? Nikuambie pia kwamba mpiga kinanda wetu hupenda kuanzia kwenye fa au sol, anasema hapo ndipo soprano wanapong'aa.

Nilitaka kusahau: mpiga gitaa la besi wetu ni baba wa watoto watano. Ameomba siku hiyo asipige, akae na familia yake. Hatuna mwingine.

Mwimbishaji, Katuba

JIBU

Mama mwimbishaji, jambo na wewe.

Umeniuliza mengi, mimi nimeanzia kwa mume wako. Mwanamume akisema "ilikuwa muzuri" na kurudia sahani yake, ujue hakuna kilichomgusa na hataki kukuvunja moyo. Nyimbo sita za kumsifu, naye amekaa tu, hana kazi ila kutazama viatu vyake! Wababa wa kwetu wakisifiwa mbele ya watu hawajui waweke wapi uso. Mwaka jana mliwaimbia. Mwaka huu wapeni nyimbo wanazoweza kuziimba wao wenyewe, zenye maneno ambayo baba anaweza kumwambia Mungu kwa kinywa chake. Ukishika hilo, nusu ya orodha itajichuja.

Kwa hiyo acha kutafuta nyimbo zenye neno "baba". Jiulize kwanza, baba wa Katuba ana jambo gani la kumwambia Mungu Jumapili asubuhi?

Ana shukrani, hilo halina shaka: watoto wamelala wameamka. Ana hofu pia, na hiyo haisemi mbele ya watu. Minerval, ile ada ya chuo kikuu, haijatimia. Kijana wake ameshuka kuchimba kobalti na simu yake haipatikani tangu Alhamisi. Na wazee wenu wa viti vya nyuma wana jambo la tatu ambalo nakuomba usilipite haraka. Wamekulia katika mji ambao watu walisema kazi njo baba, kazi njo mama, yaani kazi ndiyo baba na mama, kwa sababu kampuni ndiyo iliyokuwa ikitoa nyumba, shule, hospitali na posho ya unga kwa hesabu ya watoto. Kisha mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, wakaacha kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Tangu hapo nyumba nyingi zimesimama kwa makaa, unga na mikate ambayo mama anauza barabarani.

Sasa mwimbie mzee wa namna hiyo kwamba baba ni nguzo, baba ndiye mlishaji, nyumba yenye baba haipungukiwi. Wewe unadhani unamheshimu. Mke wake ameketi upande wa pili anasikia, wanawe wanasikia, naye mwenyewe anakumbuka vizuri nani alinunua unga wa jana. Nyimbo kama hizo zitoe zote, hata yenye melodi tamu kuliko zote. Si kwamba zinasema uongo kwa kila mtu. Ila wanaozihitaji ni wachache, na wengine zinawavua nguo hadharani.

Weka badala yake nyimbo za sala. Katika Marko 9 kuna baba aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Yesu, wanafunzi wameshindwa, umati unatazama, naye anapaza sauti: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Wimbo wowote wenye roho ya sala ile ni wimbo wa wababa, hata kama neno baba halimo mahali popote. Nyimbo za uaminifu wa Mungu kizazi kwa kizazi, kama Zaburi ya 145 inavyosema, nazo zinafaa sana, maana baba huwaza zaidi watakaobaki. Za kujiweka wakfu pia, zile zenye maneno ya Yoshua 24 kuhusu "mimi na nyumba yangu", lakini ya namna hii mmoja watosha. Ikizidi inakuwa kama mnawahutubia kwa kinanda.

Nikilazimishwa kuchagua wimbo mmoja tu kwa siku hiyo, nitachukua tenzi ambayo Waswahili wengi wanaijua kwa kiitikio chake, "Ni salama rohoni mwangu". Aliyeandika maneno yake ni baba. Horatio Spafford alikuwa mwanasheria wa Chicago. Moto mkubwa wa mwaka 1871 ulimharibia mali. Mwaka 1873 mkewe Anna na mabinti wao wanne walipanda meli iitwayo Ville du Havre kwenda Ulaya, yeye akabaki nyuma kwa shughuli zake. Meli iligongana na nyingine baharini, ikazama, mabinti wote wanne wakafa. Mama yao aliokolewa, akamtumia mumewe simu ya maandishi kwamba ameokoka peke yake. Spafford akapanda meli kumfuata, na ni katika safari hiyo inasimuliwa aliandika maneno tunayoimba. Muziki ulitungwa na Philip Bliss, ukatoka mwaka 1876.

Mwombe Mchungaji dakika moja tu usimulie hayo kabla ya kuanza. Usiyapambe. Sema mwanamume huyu alipoteza mali, akapoteza watoto, akaandika hivi. Kisha ubeti wa kwanza waimbe wanaume peke yao, bila ngoma, kinanda chini kabisa. Katika kanisa la Katuba hakuna benchi ambalo halina mtu aliyezika mtoto au kupoteza kazi, kwa hiyo usishangae wakianza kuimba kwa sauti ndogo. Msiwakimbize. Wamama na kwaya waingie kwenye kiitikio.

Kuna wimbo wa pili ambao siwezi kukutajia kwa sababu uko kwenu. Nenda kwa wazee watatu au wanne, mmoja mmoja, na umwulize kila mmoja swali hili: "Mzee, baba yako alikuwa anaimba wimbo gani wa Mungu?" Usimuulize wimbo anaoupenda, atakutajia uliopigwa redioni jana. Uliza wa baba yake. Pengine utapata wa Kiluba, au wa Kibemba, au wa Kisanga, kutoka kwenye kitabu cha misheni ambacho nyumbani kimebaki bila jalada. Chagua ule ambao angalau wawili wanaujua, na huyo mzee ndiye auanzishe siku hiyo, akiwa ameketi au amesimama, vyovyote anavyotaka, bila mikrofoni ikiwa anaiogopa. Kwaya ijifunze kutoka kwake, sauti na maneno, kabla ya siku yenyewe. Namna hiyo baba anaheshimiwa bila mtu kusema "tunawaheshimu wababa". Tena wazee hao, wengi wao walikuwa wanakwaya ujanani. Mji uliokuwa na Petits Chanteurs à la Croix de Cuivre, ile kwaya ya wavulana, haujawahi kukosa wanaume wa kuimba. Tumewanyamazisha sisi wenyewe, na hapo nakuja kwa mpiga kinanda wako.

Fa na sol! Mwambie nampenda, ila soprano wamemharibu. Mwanamke akiimba melodi, mwanamume anaiimba hiyohiyo oktava moja chini. Wimbo ukipanda hadi fa au sol ya juu, soprano anang'aa kweli, lakini baba wa kawaida, ambaye si tenori halisi wala si besi halisi, hapo anapaswa kupiga kelele. Mtu mzima hapigi kelele mbele ya wakwe zake. Anafunga mdomo, anafunga mikono, wewe unasema hapendi kuimba. Chukueni kila wimbo wa orodha, tafuteni noti ya juu kabisa ndani yake, na mshushe mpaka noti hiyo isipite re. Mara nyingine mtaishia kuuanzia do au si bemoli mahali mlipozoea fa, na alto watalalamika kwamba chini hawasikiki. Watasikika. Vinanda karibu vyote vya siku hizi vina kitufe cha kuhamisha toni, kwa hiyo hana kisingizio cha kwamba hajui kupiga kwa si bemoli.

Unayo hata namna ya kupima nyumbani. Mume wako akiwa anatafuta soksi zake asubuhi na kuimba kidogo bila kujijua, msikilize anaanzia wapi, kisha kimbilia kinanda cha simu yako uitafute noti hiyo. Ndiyo toni ya kanisa lako.

Na kelele za vyombo zipunguzwe. Baba anaimba akimsikia jirani yake anaimba. Spika mbili zikiwa zinapiga kifuani mwake, hata kama ni mwimbaji, atasubiri ziishe. Wala siku hiyo usifundishe wimbo mpya. Ukiwa nao mmoja unaoupenda sana, uanzishe Jumapili mbili kabla, watu wazima hawataki kujifunza wakiwa wanatazamwa.

Sasa huyu binti.

Kwanza, alichokuambia kwenye vikombe ni chake na chako. Usimpelekee Mchungaji kama hoja ya kubadili programu, wala usiwaambie kwaya "tuna mwenzetu mwenye shida". Pili, asianzishe wimbo huo. Hata akikubali baadaye kwa kukuonea haya, mtafutie mwingine. Kwaya nyingi hapa zina tabia ya kumsukuma mtu aimbe kile kinachomuuma, eti atapona akiwa anaimba. Wapo waliopona hivyo. Wapo pia walioacha kwaya, halafu kanisa.

Lakini wimbo wenyewe usiutoe. Utataka kuutoa kwa huruma, nakuelewa, ila tukianza kumwondoa Mungu Baba kwenye nyimbo kwa sababu baba wengine waliondoka, tutakuwa tumempokonya binti huyo kitu cha pili. Ufanye uwe mmoja tu, usiwe mfululizo. Na kabla yake mtu asome Zaburi, si ile ya 103 ambayo kila mwaka husomwa, inayofananisha huruma ya Mungu na ya baba kwa watoto wake. Kwa mtoto asiyeijua huruma ya baba, mfano huo haumpi picha yoyote. Someni ya 68, mstari wa tano: "Baba wa yatima na mwamuzi wa wajane." Au ya 27, mstari wa kumi: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake." Mtu aliyeachwa akisikia maneno hayo yakisomwa kwa sauti, siku ya wababa, kanisani, anajua kwamba alihesabiwa wakati programu inaandikwa. Muulize binti kama angependa kuisoma. Akikataa, mwache, na usimuulize mara ya pili. Mwite tu kwenye wimbo wa Spafford, kiitikio kinahitaji soprano.

Na kwenye sala, mwombe anayeongoza awataje waliolea bila kuzaa: baba mdogo, babu, kaka mkubwa aliyeacha shule ili wadogo wasome, mama aliyekuwa yote mawili. Sentensi moja. Watakuja kukushukuru watu ambao hukuwatarajia.

Ya mzee na vijana ni rahisi kuliko unavyoona. Mzee ana haki katika jambo moja: ndani ya dakika zako 25 za sifa na kuabudu, anayeimbiwa ni Mungu. Hapo vijana wakubali. Ila hana haki kusema shukrani kwa baba haina mahali kanisani, maana amri ya kumheshimu baba na mama si sisi tulioitunga. Wimbo wa "Papa, aksanti" upewe nafasi yake wakati wa kugawa zawadi, baada ya mahubiri, na uimbwe na watoto wa shule ya Jumapili, vijana wapige vyombo. Sebene ikichezwa na mtoto wa miaka saba haimkwazi mzee yeyote. Mzee wenu mwenyewe, kama namjua mtu wa aina yake, atakuwa wa kwanza kutabasamu.

Kuhusu siku hiyo kuwa ya dunia, mweleze kwa heshima, mkiwa wawili. Ni kweli ilianzia Marekani, katika mji wa Spokane, mwezi wa sita mwaka 1910. Aliyeianzisha ni Sonora Smart Dodd, na wazo lilimjia mwaka uliotangulia akiwa ameketi kanisani, kwa Wamethodisti, akisikiliza mahubiri ya siku ya wamama. Baba yake alikuwa amefiwa na mke wakati wa kujifungua, akabaki kulea watoto peke yake. Serikali ya Marekani iliifanya siku rasmi mwaka 1972 tu, zaidi ya miaka sitini baadaye. Kwa hiyo kanisani ilifika kabla ya kufika serikalini. Kama bado haridhiki, mwambie sisi Wakongo tuna tarehe 1 ya mwezi wa nane, siku ya wazazi, ambayo asubuhi tunakwenda kusafisha makaburi na mchana tunawasherehekea walio hai. Nyimbo za kuwakumbuka wababa waliofariki ziwekeeni siku hiyo. Ukizirundika zote mwezi wa sita, ibada itageuka matanga.

Ile orodha ya Marekani vijana waitumie kwa akili. Nyingi ni nzuri lakini zinataka sauti ya mtu mmoja na gitaa, kanisa zima likibaki kusikiliza, na hilo ndilo tunalolikimbia. Tena kwenye orodha kama hizo hukosi tenzi moja ya Kiingereza ya Frederick Faber, ya mwaka 1849, inayosifu imani ya baba zetu. Baba hao si waliotuzaa. Faber alikuwa padri Mkatoliki na aliwaandikia Wakatoliki wa Uingereza waliouawa kwa ajili ya imani yao. Sina neno na wimbo huo, ila Waprotestanti wa Katuba wajue wanaimba nini.

Papa wa duka. Usimkatalie wewe, mpeleke kwa Mchungaji, hiyo si kazi ya mwimbishaji. Ukiulizwa maoni, sema hivi: jina la mtu haliingii ndani ya wimbo wa ibada, awe ametoa dola 50 au 500, maana leo ni yeye na kesho ni mgombea wa ubunge. Baba yake marehemu anaweza kutajwa kwenye sala tarehe 1 ya mwezi wa nane, pamoja na wengine wote, bila malipo. Na kama moyo wake kweli uko kwa kwaya, sare zitangoja, anunue mafuta ya jenereta ya siku hiyo. Hapo akubali au asikubali, utakuwa umemjua.

Kwa kuwa nimetaja jenereta: SNEL, shirika la umeme, ikikata katikati ya ibada, isiwakute hamna la kufanya. Kati ya nyimbo zako, angalau mbili ziwe mnaweza kuziimba kwa midomo na ngoma tu. Wa wazee na wa Spafford tayari ni hivyo.

Dakika 25 si nyingi. Ningefungua na sifa ya haraka ambayo kila mtu anaijua, ya Kiswahili au ya Kilingala, ili viti vya nyuma visimame. Kisha ule wa wazee, wakati watu bado wamesimama na wamechangamka. Hapo Zaburi isomwe, mwimbe Baba mwema, polepole, mara mbili si mara tano. Mmalizie na Spafford na mnyamaze kidogo kabla Mchungaji hajachukua mikrofoni, mwambie mapema asiwahi. Wa kujiweka wakfu ndio wimbo wako wa baada ya mahubiri, wanaume wakiwa wamesimama walipo. Usiwaite mbele. Wanaokaa karibu na mlango wana sababu zao.

Na mpiga besi wako akae na watoto wake, ameomba jambo la haki. Kijana yeyote wa kwaya anayepiga gitaa la kawaida anaweza kufundishwa noti za chini za nyimbo hizo kwa muda uliobaki, hasa mkiwa mmeshuka toni na nyimbo nyingi ni za polepole. Mwombe baba huyo amfundishe yeye mwenyewe, kuanzia mazoezi ya wiki hii.

Maestro